Upepo wa Chini Chini

Kiwanja cha ndege cha manispaa kilikuwa na kila kitu ambacho kiwanja cha ndege kinatakiwa kuwa nacho, ila kila kitu kilikuwa na lakini yake. Gari la zimamoto lilikuwepo, lakini haliwaki mpaka lisukumwe. Redio ilikuwepo, lakini tangu ipigwe na radi ilikuwa inasikia tu, haisemi. Uzio ulikuwepo, lakini majirani waliugeuza kamba ya kuanikia nguo, na siku za kufua rubani aliyekuja kutua aliona kwanza mashuka ndipo akaona kiwanja. Mizani ya mizigo nayo ilikuwepo, lakini ilimpunguzia kila mtu uzito, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Msimamizi wa hizo lakini zote alikuwa mtu mmoja mpole wa kupindukia, ambaye mji mzima ulimwita Meneja. Alikuwa na imani moja maishani: jambo lisiposemwa, hupoa lenyewe. Manispaa ilimpenda sana kwa imani hiyo, maana manispaa ile haikupenda kuambiwa kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuomba saruji manispaa.

Sasa, kiwanja kidogo namna ile hakina mnara wala watu wa kumwelekeza rubani. Rubani hujitazamia mwenyewe mfuko wa upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa, wazi huku na huku, unaoning'inizwa juu ya mlingoti kando ya njia ya kurukia. Ukivimba na kunyooka, anajua upepo unatoka wapi na anatua akiukabili, kwa sababu ndege inayotua ikiwa na upepo mgongoni haisimami kwa kuombwa. Ukilala, anajua hakuna upepo, anatua upande wowote. Mfuko wa zamani jua lilikuwa limeula mpaka zikabaki nyuzi. Meneja aliomba mpya. Manispaa ikasema italiangalia suala hilo, na kwa kweli ililiangalia sana.

Siku moja akiwa mezani kwake alimlalamikia mkewe habari za mfuko ule, kisha akaendelea kula. Hapo ndipo kisa kilipoanzia, kwani mkewe alikuwa fundi cherehani, tena si fundi wa kuokoteza. Watu walimwita Haifumuki, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila mteja alipomkabidhi nguo yake: haifumuki. Wala hakuwa anajigamba. Sare ya shule aliyoishona yeye aliivaa mtoto wa kwanza, akaivaa wa pili, akaivaa wa tatu, na mama yao alikuwa anaomba ichanike ili yule wa nne naye aonje nguo mpya.

Pamoja na sifa hizo zote, mama huyu alikuwa na donda moja. Wifi yake, yaani dada wa Meneja, alikuwa muuguzi mkuu hospitalini, na kila walipokutana alimuuliza, "Wifi, bado uko na vitambaa vyako?" kwa sauti ile ile aliyowaulizia wagonjwa kikohozi. Haifumuki alitabasamu, akajibu bado, akaenda nyumbani kukanyaga cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi, baada ya maneno yale ya mezani alijifungia chumba cha ushonaji, hasemi anafanya nini. Alipotoka, alitoka na mfuko wa upepo. Alikuwa ameukata kwenye turubai la kufunikia malori, rangi ya chungwa iliyoiva. Ndani aliutia bitana. Mishono aliirudia mara mbili, mdomo akaupinda na kuupitishia kamba nene, na kuuzunguka mdomo huo akadarizi maua madogo kwa uzi mweupe, ingawa huko juu ungeweza kuyaona labda ukiwa kunguru. Walihitajika watu wawili kuubeba mpaka kiwanjani.

Meya alikuja kuuzindua, kwa kuwa Meya alizindua chochote kisichomgharimu. Wifi naye alikuja. Aliushika ule mfuko, akauvuta huku na huku, akaugeuza kuangalia ndani, kisha akasema mbele za watu, "Wifi, hii sasa ni kazi." Haifumuki akalia pale pale. Meneja naye, kwa kuona mkewe analia kwa furaha, akapandwa na mori wa hotuba. "Ndugu zangu," alisema, "mfuko huu utatuzika sote!" Watu wakapiga makofi. Mpumbavu wa watu, hakujua alivyokuwa karibu na ukweli.

Mfuko ukapandishwa, ukaning'inia wima. Watu wakasema leo hakuna upepo, na ni kweli siku ile haukuwepo. Lakini wiki haijaisha, upepo ulikuja ukaezua bati la choo cha abiria na kulitupa upande wa pili wa njia ya kurukia. Meneja alitoka ofisini mbio kuangalia. Chini ya mlingoti alimkuta mkuu wa zimamoto, mzee ambaye kila mtu alimwita Zima. Mzee Zima alikuwa ndiye mkuu na ndiye kikosi chenyewe.

"Bosi," Zima alisema, kofia ameishikilia kwa mikono miwili, "hivi leo kuna upepo au hakuna?"

"Upo."

"Mbona mfuko unasema haupo?"

Meneja akainua macho. Mfuko ulikuwa umening'inia, umejiinamia, hauna habari. "Mfuko bado mpya," akasema. "Haujazoea."

Lakini moyoni alishajua. Ulikuwa mzito. Ungeweza kuvuma upepo wa kung'oa miti na ule mfuko usinyanyue hata ukingo. Jioni akarudi nyumbani amejipanga kusema. Alilipanga vizuri njiani, kwa upole, akianza na sifa. Alipofungua mlango, mkewe alikuwa amekaa na majirani wawili, anawaeleza jinsi alivyobadilisha sindano ili ipenye turubai.

"Baba watoto, njoo uwaambie mwenyewe. Mfuko wangu unaendeleaje?"

Watu watatu wakamtazama.

"Umetulia," Meneja akasema.

"Mnasikia? Umetulia!" Haifumuki akawageukia wenzake. "Ule wa zamani ulikuwa unahangaika kutwa nzima, mara huku, mara kule. Wangu umetulia."

Tangu siku ile likawa neno lao. Kila jioni aliuliza, na kila jioni mumewe alijibu umetulia, na hakuna siku aliyosema uongo.

Ndege ya abiria ilikuwa moja, ndogo, inakuja na kwenda mara chache kwa wiki, na rubani wake alikuwa bwana mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyeitwa Kapteni. Siku moja Kapteni alitua kwa kuuamini mfuko. Upepo ukamsukuma kutoka nyuma. Ndege ikapita pale inaposimama siku zote, ikapita jengo la abiria huku abiria wakiwaona ndugu zao dirishani na ndugu wakiwapungia, ikamaliza lami, ikaingia majanini, ikasimama pua ikiwa imeshika shuka la mtu kwenye uzio. Kapteni alishuka bila kicheko.

"Meneja! Nimetua na upepo mgongoni. Mfuko wako ulikuwa umelala fofofo!"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Hata mjinga angeona kwamba ndipo. Meneja alifungua mdomo, na kilichotoka hakukijua yeye mwenyewe kimetoka wapi.

"Huo ni upepo wa chini chini," alisema.

"Upepo wa nini?"

"Wa chini chini. Hapa kwetu upo. Unapita chini, haufiki juu ya mlingoti. Kwa hiyo mfuko hauuoni."

Kapteni alimtazama kwa muda, akautazama mfuko, akatazama shuka lililokuwa linapepea puani mwa ndege yake. "Nimeruka miaka mingi," akasema, "sijawahi kuusikia." Lakini alikuwa mtu mwema, na mtu mwema humwamini mwenyeji. Akawa anawasimulia marubani wenzake upepo huo wa ajabu.

Usidhani Meneja alilala usingizi. Alijaribu kila dawa isipokuwa ile ya kusema. Kwanza alimwagiza Zima autie mfuko pete za waya ndani ili usimame. Ukasimama kweli, umenyooka upande mmoja, ukabaki hivyo asubuhi, mchana na jioni, upepo utoke utakako. Wakaziondoa haraka. Kisha akaamua kuifumua bitana kwa siri ili mfuko upungue uzito. Alipanda ngazi na mkasi wa ofisini, akajaribu mshono wa kwanza, akajaribu wa pili. Mkasi ukakatika mpini. Ndipo alipokumbuka ameoa nani.

"Baba watoto! Unafanya nini huko juu?"

Haifumuki alikuwa chini ya mlingoti, kabeba chakula cha mchana. Meneja akauficha mkasi ndani ya shati.

"Nauangalia tu."

"Unaogopa utachanika?"

"Eeh... mtu hakosi kuogopa."

Macho ya mkewe yakalegea kwa mapenzi. Tangu waoane hakuwahi kumwona mumewe akiijali kazi ya mikono yake kiasi cha kuipandia ngazi. "Shuka ule," akasema. "Nitauongezea nguvu." Na kesho yake alikuja na vipande vingine vya turubai, akauzungushia mkanda kiunoni na mwingine mkiani. Meneja ndiye aliyemshikia ngazi. Zima alisimama pembeni, anatikisa kichwa taratibu, na alipoulizwa ana nini alisema shingo inamuuma.

Ikafika siku binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akajifungua mtoto wa kwanza. Haifumuki akataka kwenda kumwona mjukuu.

"Nenda na basi," Meneja alisema upesi. "Basi zuri. Unaona nchi."

"Mke wa meneja wa kiwanja cha ndege apande basi? Watu watasemaje? Wifi atasemaje?"

"Ndege inatikisika."

"Hata basi linatikisika, tena lina kuku." Kisha akacheka. "Au unaogopa nitauona mfuko wangu kutoka juu nikajivuna?"

Meneja akamnunulia tiketi ya ndege, ya kwenda na kurudi. Siku ya kwenda hali ya hewa ilikuwa shwari, akamshukuru Mungu. Ya kurudi akamwachia Mungu huyo huyo.

Siku hiyo ya kurudi upepo uliamka kabla ya watu. Kufika katikati ya asubuhi, mabati yalikuwa yanalia, nguo za majirani zimeruka uzio na zinatembea zenyewe kwenye njia ya kurukia, Zima anazifukuza. Halafu taarifa ikaja kutoka ofisi ya manispaa kwamba mkaguzi wa usalama wa viwanja naye yumo kwenye ndege ile ile. Meneja akakaa mbele ya redio yake isiyosema. Muda mfupi baadaye sauti ya Kapteni ikakoroma.

"Kiwanja, kiwanja, nawaona. Najua hamwezi kunijibu, poleni. Mfuko umelala, hakuna upepo, naja moja kwa moja. Na kuna abiria wangu hapa nyuma anasema niutazame vizuri, ameushona mwenyewe." Kikasikika kicheko kikubwa. "Mama, nimeutazama. Umetulia!"

Meneja alisimama, kiti kikaanguka. Kwa dirisha aliiona ndege, doa dogo upande wa milimani, inakuja na upepo wote mgongoni. Safari hii upepo haukuwa wa kuishia kwenye shuka. Ng'ambo ya uzio palikuwa na korongo, na ndani ya ndege alikuwemo mama wa watoto wake. Aliipigia redio kelele, akaitikisa, akaitukana. Redio ikasikiliza kwa adabu. Akatoka mbio.

"Zima! Washa moto!"

Mzee Zima, mikono imejaa nguo za watu, alimtazama kama hajasikia vizuri. "Bosi, mimi nazima."

"Washa moto nakwambia! Nataka moshi! Yale majani!"

Kando ya njia ya kurukia palikuwa na lundo la majani makavu, yaliyofyekwa zamani yakisubiri gari la taka la manispaa. Zima alikuwa ameyalinda yale majani dhidi ya wavuta sigara wote wa mji. Sasa alipiga magoti, akawasha kiberiti, upepo ukazima. Akawasha tena, ukazima tena. "Kazi hii sikuisomea!" akalia. Meneja akavua shati, akalifanya kinga, na njiti ikashika. Lundo likavuta pumzi, kisha likatoa moshi mweupe mzito, na moshi ule haukupanda juu. Ulilala chini ukakimbia kuifuata lami, kuelekea kule ndege ilikokuwa inaelekea, na hapo hata kipofu angejua upepo unatoka wapi.

Ndege ilikuwa imeshateremka mpaka magurudumu yanaonekana. Meneja alisimama kifua wazi. Alisema kwa sauti, bila kumsemea mtu, "Nisamehe, mke wangu, nisamehe." Kisha injini zikanguruma, pua ikainuka, ndege ikapita juu ya vichwa vyao, ikazunguka mji mzima taratibu, ikarudi kwa upande wa pili na kutua ikiwa imeukabili upepo, kwa upole, ikasimama pale pale inapotakiwa. Meneja akakaa chini.

Lakini moto hauna adabu ya kusema sasa basi. Ulitoka kwenye lundo, ukashika nyasi, ukaanza safari ya kuelekea kwenye mlingoti. Abiria wa kwanza kushuka walipokelewa na Zima akiwapungia. "Karibuni, karibuni sana, njooni msukume!" Wakasukuma gari la zimamoto, Kapteni upande huu, upande ule bwana mmoja mwembamba mwenye tai na mkoba, ambaye alikuwa ndiye mkaguzi na alidhani hivyo ndivyo wageni wanavyopokelewa. Gari likakohoa, likawaka. Wakati huo moto ulikuwa umeshaanza kulamba mlingoti, na Meneja, Mwenyezi amsamehe, kwa dakika moja aliuombea heri. Ukiuteketeza ule mfuko, yote yamekwisha, hakuna aliyesema, hakuna aliyeumia. Moto ukaruka ukaugusa ukingo wa mfuko. Ukanusa. Ukaacha. Zima akaufikia kwa maji, ukafa.

"Mmeona?" Haifumuki alikuwa amefika, mkoba begani, macho yanang'aa. "Hata moto umeshindwa! Haifumuki, haiungui!"

Wakakusanyika chini ya mlingoti, wamelowa, wamejaa masizi. Upepo uliichukua kofia ya mkaguzi, hakuifuata. Alikuwa anautazama mfuko. Akapanda ngazi, akaushika ukingo, akaona maua, akashuka.

"Huyu mama amenieleza safari nzima," alisema. "Nilidhani anatia chumvi. Meneja, gari lako la zimamoto ni aibu, uzio wako ni aibu, ila zoezi la moto mmelifanya kwa moyo, na mfuko huu ni kitu. Viwanja vyote vidogo vina shida hii, mifuko inachanika kila msimu. Nitapendekeza huyu mama avishonee vyote."

"Vyote?" Haifumuki akauliza kwa sauti ndogo.

"Vyote."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Meneja aliuona uso ule na akajua kwamba hajawahi kuuona ukiwa na furaha namna hiyo, hata siku ya harusi.

"Lakini upepo huu," mkaguzi akaendelea, "mbona mfuko hauuonyeshi?"

"Aa, huo ni wa chini chini!" Kapteni akadakia, kicheko chake kimerudi. "Upo hapa kwao. Mimi nilikuwa siamini, leo nimeuona kwa macho yangu. Moshi umelala chini kabisa, juu kumetulia. Meneja aliniambia zamani."

"Upepo wa chini chini," mkaguzi alirudia, akitoa kalamu. "Nitaueleza makao makuu. Wataalamu watataka kuja kuuchunguza."

Zima akamtazama Meneja. Ilikuwa imekamilika. Rubani ameamini, mkaguzi ameamini, mke ana furaha, na Meneja hakutakiwa kufanya lolote ila lile aliloliweza kuliko watu wote duniani, yaani kunyamaza. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anajipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa. Akafikiria viwanja vile vyote, kila kimoja na mfuko wake uliotulia, na marubani wanaocheka wakija moja kwa moja. Akaona ndani ya kila ndege mama wa watoto wa mtu. Akapiga moyo konde.

"Hakuna upepo wa chini chini," akasema.

"Umesemaje?" Kapteni akauliza.

"Haupo. Niliutunga mimi. Upepo ni huu huu wa watu wote, chini na juu. Mfuko ndio mzito. Hauwezi kunyanyuka." Akageuka kumtazama mkewe, maana haya mengine hayakuwa ya mkaguzi. "Ni mzito, mama watoto. Tangu siku ya kwanza."

Haifumuki akainua macho. Aliutazama mfuko wake kwa muda mrefu, kisha akalitazama gauni lake mwenyewe lililokuwa linampiga miguuni, kisha mfuko tena. Uso wake haukuvunjika kama Meneja alivyoogopa. Ulibadilika ukawa uso wa fundi aliyeletewa nguo.

"Turubai la lori," akasema polepole. "Na bitana. Na mikanda." Kisha, "Nilipokuwa nauongezea mikanda, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanishikia ngazi."

"Nilikushikia."

"Kapteni alipoingia majanini?"

"Nilijua."

"Uliponinunulia tiketi?"

"Hata hapo," Meneja akasema.

"Nguo hurudi kwa fundi kila siku," Haifumuki alisema. Hakupandisha sauti, na Kapteni, aliyekuwa na la kusema, aliliacha. "Kiuno kinabana, mkono mrefu, shingo inakaba. Hata wifi, pamoja na mdomo wake, sketi yake aliirudisha. Nachukua mkasi, nafumua, narekebisha. Katika mji huu wote hakuna mteja aliyewahi kuniogopa ila mume wangu. Uliona heri nianguke na ndege kuliko nikasirike?"

"Sikutaka uumie."

"Basi nimeumia. Unaona nimekufa?"

Zima alikohoa na kusema anakwenda kuangalia gari. Mkaguzi alirudisha kalamu mfukoni, akasema kwa upole kwamba kiwanja kimefungwa mpaka kipatikane mfuko unaojua upepo. Ndipo Kapteni alipomkumbusha kwamba kiwanja kikifungwa, yeye mkaguzi naye haondoki. Mkaguzi akafikiri. Akauliza kama mama anaweza kuharakisha.

"Uteremsheni," Haifumuki akasema. Alifungua mkoba wake akatoa mkasi, mkubwa, wa kukatia vitambaa vizito.

"Umeingiaje ndani ya ndege na hicho?" mkaguzi akashtuka.

"Waliniuliza mlangoni kama nina kitu cha hatari. Nikawaambia hapana, nina mkasi tu."

Wakakaa ukumbi wa abiria, kwenye lile benchi refu, mfuko umewafunika magoti wote. Haifumuki alikuwa anafumua. Hakuna mwingine ambaye angeweza. Mishono iliyovunja mkasi wa ofisi ilimtii yeye mmoja baada ya mwingine, na mikanda ikaanguka, na bitana ikatoka nzima. Hiyo bitana ilikuwa kitambaa chepesi cha mwavuli. Akaipeperusha mbele ya mlango, ikavimba, ikanyooka, ikataka kumtoka mkononi. Akaguna, akaiweka kando ipindwe mdomo. Meneja, amevaa koti la mvua la Zima juu ya kifua kitupu, alikuwa anamshikia kitambaa kisiteleze.

"Vuta," mkewe akasema. Akavuta. "Siyo hivyo. Polepole." Akavuta polepole.

Kisha, bila kuinua kichwa, Haifumuki akasema, "Haya. Niambie na mengine."

"Mengine yapi?"

"Unayajua. Mtu aliyeficha upepo hashindwi kuficha vingine."

Meneja alimtazama Kapteni, aliyejifanya amelala, na mkaguzi, aliyejifanya anasoma tangazo la mizigo ukutani. Hakuna aliyekuja kumsaidia. Akavuta pumzi.

"Chai unayonipikia," akasema, "mimi huwa siinywi. Namwaga kwenye lile ua la dirishani."

Mkasi ukasimama. Pale benchini kila mtu aliacha kupumua, hata aliyelala.

"Ua lenyewe si lilikufa?"

"Lilikufa."

Haifumuki aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na Meneja hakujua kama analia au anacheka, na wala hakuthubutu kuuliza. Kisha mkasi ukaanza tena kazi.

"Endelea," akasema. "Na uvute kitambaa."